Sauti Iliyoingia kwenye Maji Mafu

Mmenitaka niandike, wanangu wa studio, na mimi si mtu wa kuandika. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Lakini tangu nilipokabidhi funguo hamnipi raha: Bi Fundi, tuandikie mlivyokuwa mkirekodi kabla ya kompyuta, Bi Fundi, tueleze ile albamu ya Kiambaza. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana hakuna hata kimoja kilichonisaidia kupandisha mashine kwenye ngazi za Mkunazini. Nitasema ya kazi. Na lile mnalolitaka hasa nitalifikia kwa mwendo wangu, kwa hiyo msiruke kurasa.

Nilianza redioni nikiwa msichana mbichi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na bangili mkono mzima, nionekane na mimi mtumishi. Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Maalim Othman, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kiua iliyokaa sawasawa kichwani hata akiingia chini ya meza kutafuta waya. Alinitazama miguu, akanitazama mikono.

"Vua," akanambia.

"Viatu, Maalim?"

"Viatu na hizo njuga zako. Humu ndani hasikiki mtu ila aliyekuja kuimba."

Nikavua, na tangu siku ile nimefanya kazi yangu yote pekupeku. Wageni waliokuja studio wakidhani ni mila ya Kizanzibari, nami sikuwasahihisha.

Maalim ndiye aliyenifundisha kukata mkanda kwa wembe, na kuukata mshazari ili sikio lisijue pameungwa. Alinifundisha kuhifadhi maiki ndani ya kopo lenye mchele mkavu, kwa sababu hewa yetu ya bahari inakula kila kitu, na maiki ni ya mwanzo. Alinifundisha kwamba mwimbaji aliyetoka kunywa urojo, mchuzi wetu wa ukwaju na pilipili, asisogezwe karibu na kifaa chochote. Na alinifundisha jambo moja ambalo mimi nililiona la adabu tu, kumbe kwake lilikuwa zito.

Mnajua mwimbaji anakaa chumba chake na hedifoni masikioni, na fundi anakaa chumba chake, kati yao kioo. Ukitaka kumwambia kitu unaminya kitufe, sauti yako inamwingia kichwani. Maalim alikuwa hakuruhusu uminye kabla hujainua mkono, yule mtu akakuona. Siku moja nilisahau, nikamwita bibi mmoja wa taarabu kwa jina lake huku nimeinama. Bibi wa watu akaruka kitini. Maalim akanitoa nje.

"Kwenu hukufundwa?" akaniuliza. "Ukisikia unaitwa na anayekuita humuoni, unafanyaje?"

"Siitiki, Maalim."

"Huitiki. Unangoja. Akiwa mtu atatokeza, asipokuwa mtu atachoka. Sasa sisi hapa kazi yetu ni kuwaita watu bila ya kuonekana. Huoni kwamba tunapaswa kuwa na adabu kuliko wengine?"

Kila mtoto wa Unguja analijua hilo, awe wa mjini au wa shamba. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba linahusu kazi yangu. Tangu hapo nikainua mkono kabla ya kila kitufe, hata nikiwa na hasira, na wengi wenu mmecheka. Chekeni.

Redio niliiacha wakati mikanda ilipoanza kutupwa. Nikahamia studio hii yenu ya leo, ghorofa ya juu Mkunazini, juu ya duka la vitambaa. Kuta za mawe na chokaa zina unene wa kutosha kuzuia zogo la mtaani, na pale zisipotosha tulitundika magodoro ya sufi na makanga ya zamani. Saa zetu za kurekodi zilikuwa baina ya adhuhuri na alasiri. Maduka yamefungwa, jua la utosi, watu wamelala, hata paka wa Mkunazini wanachoka kugombana. Mji unanyamaza mchana mweupe mpaka unasikia mbao za nyumba zinavyojinyoosha. Wageni huogopa usiku. Mimi nikiwa peke yangu pale juu niliogopa saa hizo.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kulikuwa na kikundi cha taarabu kilichotaka kupigana juu ya nani akae karibu na maiki. Nikampa kila bibi maiki yake, wote wakaridhika, wakaimba vizuri kupita kiasi. Iliyochomekwa ilikuwa moja tu, na mpaka leo hawajui, kwa hiyo nyamazeni. Kulikuwa na mzee wa ngoma ya kidumbaki aliyekataa kuimba mpaka achome udi, nikamwachia, na moshi ukaingia kwenye mashine ikapiga chafya wiki nzima. Haya yote niliyapenda. Mtu anakuja na kitu kifuani, anakiacha kwako, anaondoka mwepesi.

Ndipo wakaja Kiambaza. Vijana watatu wenye nywele timtim, wamebeba magitaa ya umeme. Mundhir akiimba na kupiga gitaa. Mdogo wake Nassir akipiga gitaa la besi. Na Pandu, mtu wa Makunduchi, kwenye dramu. Roki, ati. Roki ya Unguja. Mzee mwenye duka la vitambaa alipanda ngazi kuja kuuliza kama tumekodisha chumba kwa mafundi bati.

Albamu yao ya kwanza masikio yangu yaliniomba talaka. Kila mmoja alitaka asikike yeye, kila wimbo ulianza kwa kelele na kumalizia kwa kelele zaidi, na Mundhir alipiga makelele juu ya mapenzi ambayo dhahiri alikuwa hajayaonja. Ya pili ilikuwa afadhali kidogo. Walikuwa wameanza kusikilizana. Lakini ndani ya zogo lile nilimpenda mmoja, Nassir. Alipiga nota chache. Alisimama pembeni, macho chini, na kabla ya kuingia kwenye wimbo alikuwa lazima akohoe kikohozi kidogo cha kusafisha koo, ingawa haimbi! Nilikuwa nikimkemea, anacheka, anakohoa tena. Na kaka yake akipotea kwenye mapigo, Nassir alikuwa na namna ya kumrudisha. Anamwita mara moja, kwa sauti ya kifuani: "Mundhir!" Na Mundhir bila ya kufikiri anaitika, "Naam," anarudi mahala pake.

Hiyo naam mnapaswa kuielewa. Mama yao, Bi Rukia wa Mpendae, aliwalea wanawe kwa mwiko mkononi. Mtoto wake akiitwa akajibu "ee?" au "nini?" mwiko unafika kabla neno halijaisha. Ni naam, na ni papo hapo, awe anayekuita mkubwa au mdogo. Watoto wale waliitika naam hata usingizini. Watu wa mtaa wakimsifu Bi Rukia kwa malezi, na kweli alistahiki.

Roki haiwalishi watu hapa kwetu, kwa hiyo baada ya albamu ya pili kila mmoja alishika kazi yake. Nassir alikwenda Kizimkazi kuendesha boti za kuwapeleka wageni kuangalia pomboo. Asubuhi moja aliwashusha wageni wake ufukweni salama, akarudi majini na boti kuichukua nanga aliyoiacha. Bahari shwari, watu wanamwona. Wakageuka kidogo kupokea mizigo, walipotazama tena boti inazunguka, mashine inanguruma, ndani hamna mtu. Walizamia, walitafuta mpaka kwenye mikoko. Hakupatikana yeye wala nguo yake.

Bi Rukia alikataa matanga. Watu walimsalia mtoto wake sala ya asiyekuwepo, lakini yeye nyumbani kwake hitima haikusomwa. Akiambiwa, anauliza, "Nimsomee nani? Maiti mmemwona wapi?" Wakamwacha.

Miaka ikapita. Siku moja Mundhir na Pandu wakapanda ngazi zangu. Nywele zimekatwa, mvi zimeingia ndevuni.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuvunja ukuta uliobaki?"

"Tumekuja kurekodi," Mundhir akasema. "Albamu moja tu. Inaitwa Maji Mafu."

Maji mafu, kwa yule asiyeishi pwani, ni zile siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, inakaa tu. Nikamuuliza kwa nini jina hilo. Akanambia, "Kwa sababu ndivyo tulivyo nyumbani, Bi Fundi. Hatujafiwa, na hatuna mtu."

Sikutarajia nilichokisikia. Wale wapiga kelele walikuwa wamekuwa watu wazima. Mundhir aliimba chini, karibu na maiki, kwa sauti iliyokwaruza kidogo, na maneno yake yalikuwa ya vitu vidogo: viatu vya mtu mlangoni, sahani inayopakuliwa kila siku na kurudishwa chunguni, mama anayeacha komeo wazi. Pandu alipiga kwa brashi, mahala pengine kwa viganja tu. Nilikaa nyuma ya kioo nikifuta machozi kwa ncha ya mtandio, mimi niliyewalilia wachache. Wallahi katika umri wangu wote wa kazi sijapata kurekodi kitu kizuri kama kile.

Lakini Mundhir hakutaka mpiga besi mwengine. Kila wimbo, pale ambapo Nassir angeingia, waliacha pengo. "Paachwe," alisema. "Mahala pake pakae." Kama fundi nililiona wazo zuri. Pengo lilikuwa linavuta sikio, unangoja kitu. Na kwenye meza ya sauti niliacha njia ya besi wazi, haina waya, nikaiandikia jina la Nassir kwa mkanda wa karatasi kama tulivyozoea.

Nyimbo zote zilikwenda salama isipokuwa ule wa mwisho, wenye jina la albamu, ambao pengo lake lilikuwa refu kuliko yote. Mchana huo, adhuhuri imeshapita, mtaa kimya kabisa. Mundhir na Pandu ndani, mimi nje ya kioo, sote na hedifoni. Mundhir akafika penye pengo, akanyamaza. Tukangoja.

Nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kidogo cha kusafisha koo.

Nikatazama meza. Mshale wa kipimo cha sauti kwenye njia ya besi, ile isiyo na waya, ulikuwa umeinuka kidogo. Kisha ukapanda polepole, na ndani ya masikio yangu mtu akaita, karibu kabisa, kwa sauti ya kifuani:

"Mundhir!"

Mundhir akainua kichwa. Uso wake ulifunguka, jamani, uso wa mtoto anayeitwa kula. Mdomo ukafunguka pia. "Na—" akasema, na hapo Pandu akaupiga msahani wa shaba wa dramu kwa nguvu zake zote, mlio ukatukata masikio sote watatu. Msahani ukaanguka. Mundhir akabaki mdomo wazi na neno nusu.

Alinitazama kupitia kioo. "Bi Fundi, umeniita?"

Nikainua mikono yote miwili aone kwamba hakuna uliokuwa kwenye kitufe.

Mimi ni mtu wa mitambo. Jambo la mwanzo nililolifanya ni kutafuta waya. Nilichomoa kila kitu, nikazima feni, nikazima simu, nikateremka kumuuliza mwenye duka kama ana redio. Nilijua vyombo vyetu vinaweza kunasa sauti za redio za mabaharia, tena nilishawahi kumnasa dereva wa teksi akigombana na mkewe. Nikabadilisha hedifoni zote. Kisha nikasikiliza tulichorekodi. Kulikuwa na Mundhir, kulikuwa na pengo, kulikuwa na "Na—", na msahani. Hamna kikohozi wala mwito.

Siku ya pili tukajaribu tena. Ikaja. Ya tatu ikaja. Pandu alikuwa ameshika kijiti cha dramu juu ya msahani muda wote, anamtazama mwenzake mdomoni kama paka anavyotazama samaki. "Kwetu kusini," aliniambia ngazini, "mtu akiitika sauti ile, hakai. Anaifuata. Na huyu, Bi Fundi, si kwamba anajizuia. Anazuiwa. Kinywa chake kimelelewa kuitika. Siku mkono wangu ukichelewa, basi."

Nikamwambia Mundhir tuache wimbo ule, albamu itoke bila yake. Akakataa. "Huo ndio albamu," akasema, na kweli ulikuwa huo. Wiki ile akaanza kwenda Kizimkazi. Hakuvua wala hakuongea na watu, alikaa ufukweni mchana kutwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mtu anayesikiliza. Jamaa wa kule walimpigia simu Pandu: mwenzenu jana kaingia majini mpaka kifuani, na nguo zake.

Nilikuwa nafagia studio nilipomsikia mtu mzito anapanda ngazi kwa kupumzika. Bi Rukia. Nilikuwa simjui ila kwa sifa. Alikaa kwenye kiti cha wapigaji, akashusha buibui mabegani, akanitazama miguu yangu mitupu.

"Bi Fundi," akasema, "nnakuomba kitu kimoja. Mwanangu asiitike."

"Pandu kakwambia?"

"Pandu kanambia. Na mwenyewe nnamwona. Anakaa, sahani mbele yake, hali chakula. Nnamwita, anaitika, lakini macho yake yanatazama mlango." Akaitazama mikono yake. "Mie ndiye niliyemtia naam ile kinywani. Kwa mwiko. Watu wakinisifu. Leo nnatamani angekuwa mtoto fidhuli."

Nikamwambia nitafunga studio, nitadanganya kwamba mashine imekufa. Akatikisa kichwa.

"Ukifunga hapa ataitika kule pwani, na kule hamna msahani wa kupiga. Rekodini. Lakini siku hiyo nnataka kuwemo. Na mie nivae hayo madude ya masikioni."

"Bi Rukia, utaisikia sauti yake."

"Nnajua." Akapandisha buibui lake. "Unafikiri nnaogopa sauti ya mwanangu?"

Basi akaja. Mundhir alitaka kumkatalia, mama yake akamwambia, "Wewe imba yako, mimi nimekuja kukaa." Akakaa kwenye kiti baina yao, mikono juu ya mapaja, hedifoni juu ya mtandio. Adhana ya adhuhuri ilikwisha, watu wakaswali, maduka yakafungwa, mji ukanyamaza. Nikainua mkono, wakaniona wote watatu, nikawaambia tuko tayari. Sauti yangu mwenyewe niliiona ngeni.

Mundhir akaimba. Alikuwa amekonda, na sauti ilikuwa nzuri mpaka inaumiza. Akafika penye pengo, akanyamaza. Pandu akainua kijiti.

Kikohozi. Nikamwona Bi Rukia anafumba macho. Mshale ukapanda.

"Mundhir!"

"Naam," akasema Bi Rukia.

Alisema kwa haraka, papo hapo, kama alivyowafunza wanawe, kabla mdomo wa Mundhir haujafunguka. Sikuwahi kuona mtu anageuka vile alivyogeuka Mundhir kumtazama mama yake. Mshale haukushuka. Ulitetemeka pale pale ulipo.

"Naam, baba," Bi Rukia akasema tena, kwa upole. "Mundhir ana kazi. Mie nipo. Ukitaka mtu niite mie." Na machozi yanamteremka, lakini sauti yake haikutikisika hata kidogo. "Umesikia, Nassir? Niite mie."

Mshale ukashuka mpaka chini. Kompyuta haina mkanda wa kumalizika, kwa hiyo mashine iliendelea kurekodi pumzi zetu. Kisha Bi Rukia akamgeukia mwanawe, akampiga paja.

"Haya. Malizia wimbo wa watu."

Na akaumaliza. Alilia na kuimba, na hicho ndicho mnachokisikia mwisho wa albamu. Maneno ya mama yake niliyatoa kwa ombi la Mundhir, nikapaunga mshazari. Kwenye mitandao wanaandika kwamba lile pengo ni ubunifu mkubwa, ukomavu wa bendi. Sawa. Na ni kweli wamekomaa. Mimi siwezi kulisikiliza.

Hali ya Mundhir ilibadilika upesi. Alianza kula, alianza kuchoka na kulala kama watu. Kizimkazi hakwenda tena. Sauti ile hakuisikia, wala Pandu, wala mimi. Na Bi Rukia, watu walishangaa, akaruhusu hitima isomwe. Nilikwenda. Kulipikwa pilau, wanawake tukajaa mpaka uwani, na yeye akipita baina yetu na sinia, mtulivu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, limekwisha.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumtembelea. Mundhir nilikutana naye mlangoni anatoka kwenda kazini kwake, akaniamkia kwa furaha, amenenepa. Bi Rukia nilimkuta uwani, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikajitwalia kigoda. Tukazungumza magoti yetu, tukawasengenya majirani kwa kiasi, jua limesimama juu ya ukuta wa uwa.

"Naam, baba," akasema ghafla.

Nikadhani Mundhir karudi. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Bi Rukia hakuinua hata kichwa, nazi inaendelea kuanguka kwenye sinia. Tukaendelea na mazungumzo. Kitambo kidogo, tena: "Naam." Namna ile ile mtu anavyomjibu mtoto aliyezoea kusumbua.

"Bi Rukia," nikasema, "unamwitikia nani?"

"Nani mwengine?" Akageuza kifuu. "Hachoki. Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, nikiwa jikoni ataniita kutwa nzima."

Nikageuka tena kuutazama uwa, mweupe kwa jua. "Anataka nini?"

"Hataki kitu. Anaita tu, ajue nipo. Nikimjibu ananyamaza." Hapo ndipo alipoacha kukuna. Nikauona uso wake vizuri, na jinsi macho yalivyoingia ndani. "Usiku siwezi kulala sana, Bi Fundi. Nikipitiwa akakosa jibu, atamrudia mwenziwe. Mundhir hajui. Anafikiri nimezeeka, nasema peke yangu. Mwache afikiri hivyo."

"Sasa mpaka lini?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza. Juzi nilishikwa na homa, kutwa nimejitia vidole machoni nisilale. Nikasema, Rukia, siku yako ikifika, nani atamwitikia mtoto huyu?"

Nilimshika mkono, umejaa machicha ya nazi. Tukakaa hivyo. Jirani alikuwa anatwanga kitu, kisha akaacha. Kukawa kimya, kimya kile kile cha baada ya adhuhuri ninachokijua mimi, na Bi Rukia akainua kichwa, akasikiliza, akatabasamu kidogo.

"Kakuona," akanambia. "Anakwamkia."

Nikatazama mlango wa uwani. Pazia, mwangaza, ndoo. Masikio yangu ndiyo yaliyonilisha maisha yangu yote, na hayakusikia kitu. Na nililijua nililofundwa na bibi yangu, na nililofundwa na Maalim Othman, kwamba usiyemwona humwitikii. Lakini alikuwa kijana niliyemkemea kwa kikohozi chake, na mama yake alikuwa ananitazama, na mkono wake ndani ya wangu ulikuwa mwepesi mno. Tena shikamoo ya mtoto utaiachaje hivi hivi?

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Bi Rukia akashusha pumzi, pumzi ndefu, akalaza kichwa ukutani na macho yakamfumba yenyewe.

"Sasa tuko wawili," akasema, na pale pale juu ya mbuzi, mchana kweupe, akalala.